Orodha ya wanene: Waingereza walinunua nini mwaka 2006?

Wale kati yetu waliopita staji ndani ya zoni ya afya wanajua FBP: kituo kinahesabu kazi yake, inahakikishwa, njo makuta inatoka. Uingereza ilianza kulipa waganga wake wa mitaa namna hiyo mwezi wa nne 2004, nchi nzima, kwa pointi 1,050. Tansiyo ilikuwamo, sukari pia. Unene haukuwa na fungu lake.

Ulilipata 2006: pointi 8 tu. Kwa kituo cha kawaida, pointi moja ilikuwa karibu paundi 124, ni kusema kama paundi 1,000 kwa mwaka. Sasa angalieni sharti lenyewe. Kituo kiwe na orodha ya watu wa miaka 16 kwenda juu wenye IMC ya 30 ao zaidi, iliyoandikwa ndani ya miezi 15. Basi! Shauri la chakula halikudaiwa, kumutuma mutu kwa mtaalamu halikudaiwa. Hata kupima kila mutu, hapana. Mwenye hakupanda mizani hakuonekana. Na kwa wavutaji wa tumbaku, mpango uleule ulidai munganga aulize, tena atoe shauri.

Juu ya nini tofauti hii? Mimi naona IMC ilirahisisha mambo kupita kiasi. Ni kilo kugawanya na urefu mara urefu, hesabu ya Mbelgiji Quetelet ya miaka ya 1830, mutu wa nyota na takwimu aliyekuwa akitafuta binadamu wa wastani (hakuwa munganga). Kompyuta inaitoa mara moja. Mazungumzo na mama mwenye haya juu ya mwili wake hayahesabiki vile.

Marekani walishika njia ingine. Toka mwisho wa 2011, Medicare, bima ya wazee, inalipa mazungumzo yenyewe kwa mwenye IMC ya 30: kila juma mwezi wa kwanza, kisha kila majuma mawili mpaka mwezi wa sita. Kuendelea baadaye kunaomba awe amepunguza kilo 3. Asiyefikisha, malipo yanasimama, na huenda yeye njo alihitaji munganga zaidi.

Uingereza yenyewe ilingoja mpaka 2021, kisha Covid kuonyesha hatari ya unene, ndipo waganga wakaanza kulipwa paundi 11.50 kwa kila mutu waliyemutuma kwenye huduma ya kupunguza uzito. Orodha ilikuwa tayari na miaka 15.