Muziki wa Zamani na wa Sasa: Hesabu ya Mtwara

Swali la kama muziki wa sasa unaufikia ule wa zamani huulizwa Tanzania nzima kwa namna moja. Upande mmoja huwekwa dansi ya miaka ya 1960 hadi 1980, upande wa pili bongo fleva na singeli, kisha kila mtu hutaja nyimbo anazozipenda na ubishi ukakwama hapo. Makala haya yanalichukua swali hilo kutoka pembe ya kusini-mashariki ya nchi, kwenye pwani inayoanzia Mikindani, ikapita Mtwara mjini na Msimbati, hadi Ruvuma unapomwaga maji baharini. Pembe hii imechaguliwa kwa sababu. Enzi ya dansi, kusini ilisikiliza wengine kuliko ilivyosikilizwa. Leo mmoja wa waimbaji wanaojulikana sana Afrika Mashariki ni Mmakonde, na hafichi. Mizani ikishikwa Dar es Salaam peke yake, tofauti hiyo haionekani.

Ngoma iliyotangulia

Kabla ya gitaa palikuwa na ngoma, na ngoma ya Kimakonde ilikuwa na kalenda yake. Kiangazi, chakula kikiwa ghalani, wavulana huingizwa likumbi na wasichana chiputu, na siku ya kuwatoa kijiji hakilali. Ndipo hutoka midimu, wachezaji waliofunikwa kwa nguo mwili mzima na kuvaa kinyago cha mti, ambao watoto huwakimbia na kuwafuata kwa wakati mmoja. Sindimba, ngoma ya kiuno, ndiyo iliyotoka nje ya mkoa. Kikundi cha Taifa cha Ngoma kilichoundwa baada ya uhuru kiliichukua, kikaifundisha kwa wachezaji waliotoka pande nyingine za nchi na kuipandisha jukwaani, ikiwa imebanduliwa kutoka kwenye shughuli iliyoizaa. Wapo walioipigia makofi kama fahari ya taifa, na wapo walioionea haya.

Ng'ambo ya Ruvuma, ngoma hiyo ya vinyago huitwa mapiko. Mwanahistoria Paolo Israel, katika kitabu alichokitoa mwaka 2014, ameonyesha jinsi Wamakonde wa Msumbiji walivyokuwa wakibuni aina mpya za mapiko kizazi baada ya kizazi, kijiji kikitaka kukishinda kijiji, vijana wakitaka kuwapita waliowatangulia. Kwa hiyo hata kwenye chimbuko hakuna muziki wa zamani uliokaa vilevile mpaka vijana wa leo wakauharibu. Beni nayo, iliyoiga gwaride na matarumbeta ya kijeshi na kugawa watu katika vyama vya Marini na Arinoti, ilienea pwani yote mwanzoni mwa karne ya 20, na wamisionari waliiona upuuzi. Kulalamikia muziki wa vijana ni desturi ya zamani kama muziki wenyewe.

Dansi ilivyotengenezwa

Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, lakini dansi inayotajwa leo kwa majonzi ni ile iliyokomaa chini ya taasisi za umma. NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi ilianza mwaka 1964, ikaja kuitwa JUWATA, kisha OTTU, na mwishowe Msondo Ngoma. Umoja wa vijana ulikuwa na Vijana Jazz, kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz, polisi, jeshi, JKT na bima nao walikuwa na zao. Mlimani Park ilizaliwa mwaka 1978 na baadaye ikawa mali ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Msondo na Sikinde, mitindo miwili iliyowagawa mashabiki wa jiji, yote ilichota majina kwenye ngoma za pwani.

Mfumo huo wa ajira ndio ufunguo wa kuuelewa muziki wenyewe. Magitaa, ngoma na matarumbeta yalikuwa ya mwajiri, mwanamuziki alipokea mshahara, na kazi yake ilikuwa kufanya mazoezi mchana na kupiga ukumbini usiku kwa saa nyingi. Wimbo ulipikwa na kundi zima. Mtunzi alileta maneno na sauti ya kuimba, mpiga solo akatafuta njia yake, second solo ikamjibu, rithim ikashikilia katikati, besi ikatembea chini, na wapuliza saksafoni na tarumbeta wakapewa mahali pa kuingia. Baada ya beti za taratibu zenye kisa, wimbo ulichemka: waimbaji walipunguza maneno, magitaa yakashika usukani, na sakafu ikajaa. Mpangilio wa namna hiyo hauwezi kutungwa na mtu mmoja usiku mmoja. Unataka watu kumi wanaojuana pumzi, kama Muhidin Maalim Gurumo, Hassan Bitchuka, Michael Enoch na wenzao walivyojuana.

Kurekodi kulikuwa kazi ya Radio Tanzania Dar es Salaam, katika studio zake za Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere. Bendi ilipiga wimbo wote kwa pamoja mbele ya maikrofoni chache, na aliyekosea aliwarudisha wenzake mwanzo. Maneno yalikaguliwa kabla ya kutangazwa. Aliyetaka sahani alikwenda Nairobi, na njia hiyo nayo iliziba mwaka 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa, usifunguliwe hadi 1983. Mbaraka Mwinshehe, nyota wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa Januari 1979, akiwa ameendelea kufanya kazi upande huo wa mpaka.

Na kusini? Sauti ya kusini iliyosikika kila siku redioni haikuwa ya bendi. Ilikuwa ya Morris Nyunyusa, mpiga ngoma kipofu aliyeweza kuzipiga ngoma nyingi kwa wakati mmoja, ambaye mdundo wake ulitangulia taarifa ya habari ya RTD. Nchi nzima ilimjua kwa mdundo na wachache walimjua kwa jina. Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande ilibeba jina la mji wa kusini lakini maskani yake yalikuwa Dar es Salaam. Bendi ya Mtwara iliyotaka kuingia kwenye maktaba ya taifa ilipaswa kwanza kufika Barabara ya Pugu, na Rufiji ulivukwa kwa pantoni hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Masika barabara ilifungwa. Orodha tunayoiita leo muziki wa zamani wa Tanzania imechorwa pia na tope la Kilwa na Rufiji.

Zilipendwa ni zipi

Hapa ndipo ulinganisho mwingi unapopotoka. Vipindi vya zilipendwa redioni ni ungo: kinachopigwa leo ni kile kilichobaki baada ya miaka 40 ya kupepetwa. "Shida" ya Mbaraka Mwinshehe imebaki, "Zuwena" ya Marijani Rajabu imebaki. Zimepotea nyimbo nyingi za kusifu kampeni za serikali, zilizotungwa kwa agizo na kusahauliwa kwa hiari, na rhumba nyingi zilizonakili Kongo bila aibu. Anayeweka wimbo bora wa 1979 mbele ya chochote kilichotoka wiki hii anampambanisha bingwa na umati. Wanasaikolojia nao wamegundua kwamba muziki wa ujana hushika kwenye kumbukumbu kuliko wa umri mwingine wowote, jambo ambalo mtu yeyote aliyekaa kwenye kijiwe cha kahawa na wazee analijua bila maabara.

Lakini hoja hiyo isitumiwe kuwanyamazisha wazee. Mwaka 2012 watafiti wa Hispania wakiongozwa na Joan Serrà walipima kwa kompyuta rekodi za muziki wa Magharibi za kuanzia 1955 hadi 2010, wakakuta kwamba aina za milio zimepungua na ukubwa wa sauti umeongezeka. Hawakupima Sikinde. Hata hivyo, mtu anayesema nyimbo za sasa zinafanana anasema jambo linaloweza kupimwa, na pengine linapimwa na masikio yake kwa usahihi.

Kizazi kipya na Konde Boy

Mashirika ya umma yalipoanza kubinafsishwa au kufilisika, bendi zilipoteza mwajiri. Wakati huohuo redio za watu binafsi zilifunguliwa katika miaka ya 1990, na vijana wakaja na kitu kisichohitaji magitaa wala mshahara: biti na maneno. Saleh Jabir alishinda mashindano ya Yo! Rap Bonanza mwaka 1991 kwa kurap Kiswahili. Profesa Jay alifika mwaka 2001 na "Ndio Mzee", wimbo unaomkejeli mwanasiasa wa ahadi. Chini ya kamati ya ukaguzi ya zamani, kejeli ya wazi kiasi hicho ingepita kwa taabu. Prodyuza alichukua nafasi ya bendi nzima.

Rajab Abdul Kahali, aliyezaliwa Chitoholi mkoani Mtwara mwaka 1994, aliingia katika mfumo huo akiwa Harmonize, au Konde Boy. "Aiyola" ilimtambulisha mwaka 2015 chini ya lebo ya WCB ya Diamond Platnumz, "Kwangwaru" ya 2018 ikampeleka mbali zaidi, na mwaka 2019 aliondoka kuanzisha Konde Music Worldwide. Mwanzoni watu walimlaumu kwamba anamwiga bosi wake hadi pumzi, na lawama ile haikuwa ya uonevu. Lakini tendo la kuliweka neno "Konde" kwenye jina la kampuni lina uzito kwa watu wa Newala, Tandahimba na Mtwara mjini, ambao kwa miaka mingi walikuwa watu wa vichekesho katika masimulizi ya jijini. Hakuna mwimbaji wa dansi aliyepata nafasi ya kufanya hivyo kwa upana huo, na si kwa kukosa kipaji.

Umbali nao ulipungua. Novemba 2018 Wasafi Festival ilianza safari yake Mtwara, katika Uwanja wa Nangwanda Sijaona. Redio za mkoani zinapiga za vijana wa nyumbani, na wimbo unapakiwa mtandaoni kutoka chumba kimoja cha Chikongola bila kuvuka Rufiji.

Vipimo

Kwa upangaji wa ala, dansi inashinda, na hakuna haja ya kuona haya kusema hivyo. Bongo fleva ya sasa, hasa ile inayofuata amapiano ya Afrika Kusini, hutegemea duru fupi inayorudiwa, na wimbo wa dakika tatu hauna nafasi ya kuchemka. Jukwaani pengo huongezeka, maana wengi huimba juu ya pleibeki. Kwa sauti za waimbaji mambo hayako wazi hivyo. Zuchu, binti wa Khadija Kopa, amebeba mafunzo ya taarab ndani ya fleva, na si yeye peke yake mwenye koo, ingawa kompyuta sasa huwanyoosha hata wasiohitaji kunyooshwa.

Kwa utunzi, dansi ilijua kusimulia: talaka, mirathi, mgonjwa aliyetelekezwa, rafiki msaliti, visa vyenye mwanzo na mwisho. Mapenzi ya fleva mara nyingi ni sifa na manung'uniko bila kisa. Lakini kwa ujasiri wa kusema na wakubwa, vijana wamewapita wazee wao. Nay wa Mitego alikamatwa mwaka 2017 kwa sababu ya "Wapo", akaachiwa kwa kauli ya Rais Magufuli mwenyewe. Mwanamuziki aliyelipwa mshahara na chama au jeshi angesema kwa mafumbo au angenyamaza. Mafumbo hayo ndiyo yaliyozaa lugha tamu tunayoikumbuka, na pia ndiyo yaliyoacha mengi bila kusemwa.

Kwa malipo, zamani haina cha kujivunia. Mshahara ulikuwapo, mirabaha karibu haikuwapo, na kanda zilirudufiwa kila kona. Sheria ya hakimiliki iliyoleta COSOTA ni ya mwaka 1999, wakati waasisi wengi walishazeeka au kufa. Marijani Rajabu alifariki mwaka 1995 bila utajiri unaolingana na jina lake.

Kipimo kinachosahauliwa ni cha ngoma, na kwa mtu wa pwani ya Ruvuma ndicho cha kwanza: je, mdundo unaubeba umati, na je, anayetazama anaweza kuingia? Hapo mshindi hatoki kwenye dansi. Ni singeli, muziki wa Tandale na Manzese uliotokana na mchiriku na vigodoro, unaokwenda kwa midundo zaidi ya 200 kwa dakika. Ulidharauliwa kama kelele za wahuni, hadi Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyiko wa "Sounds of Sisso" mwaka 2017 na kumbi za Ulaya zikaanza kuuita. Maneno yake mara nyingi ni mepesi, na kasi yake humchosha aliyelelewa na saksafoni. Ila ushindani wake, utani wake na kiuno chake vinafahamika bila mkalimani kwa yeyote aliyeona sindimba ikichezwa kijijini.

Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, fedha za minada zinaposhuka vijijini, soko la muziki la Mtwara huonekana lilivyo. Wenye sherehe hukodi spika na dijei kwa ajili ya singeli na fleva, na wenye kutoa watoto huwalipa wapiga ngoma taslimu siku ileile. Fleva ina rekodi zake mtandaoni, dansi ina kanda za Barabara ya Pugu. Wapiga ngoma hawa, ambao vizazi vyote viwili viliwakopa, wengi wao hawajarekodiwa na yeyote, na tamasha kama MaKuYa, la Wamakonde, Wamakua na Wayao, ni miongoni mwa majukwaa machache yanayowaita kwa majina ya ngoma zao.