Kasha la Filamu na Ardhi ya Nachingwea

Kamera nyingi za kale zilimfunga mpiga picha kwa filamu moja. Akiisha kuitia ndani, hana budi kuimaliza kabla ya kutia nyingine. Kifungo hicho kilifunguliwa na kasha la filamu la kuondolewa. Kasha hukaa nyuma ya kamera, na mbele yake hupitishwa kibati chembamba cha kuzuia nuru. Kibati kikiwamo, mtumiaji aweza kulitoa kasha hali filamu imetumika nusu, akapachika jingine lenye filamu ya rangi, kisha akalirudia la kwanza pasipo kupoteza picha hata moja. Lakini akisahau kukitoa kibati kabla ya kupiga, hapati kitu. Ndiyo sababu kazi hii yataka utaratibu.

Katika habari hizi hutajwa sana Victor Hasselblad wa Sweden, ambaye kamera yake ya 1600F ilitokea mwaka 1948, na kasha lake likichukua picha 12 za sentimita 6 kwa 6. Hata hivyo kasha la namna hii lilikwisha kutumika angani. Hasselblad mwenyewe alianza kwa kuunda kamera za jeshi la anga la nchi yake wakati wa Vita Kuu ya Pili. Na kamera ya F24 ya jeshi la anga la Uingereza, iliyotumika tangu miaka ya 1920, ilikuwa na kasha la kuondolewa. Ndege ilipotua, kasha lilipelekwa kwenye chumba cha giza, nayo kamera ikabaki ndegeni tayari kwa safari nyingine.

Desturi hiyo ya angani ilifika Tanganyika. Mwaka 1946 ilianzishwa huko Uingereza ofisi ya Directorate of Colonial Surveys, na kikosi cha 82 cha jeshi la anga, chenye ndege za Lancaster, kikapewa kazi ya kupiga picha makoloni ya Afrika. Mwaka huohuo ujumbe wa John Wakefield ulizunguka nchi, kwa ndege na kwa gari, ukitafuta ardhi ya karanga. Ulishauri zilimwe ekari 3,210,000 katika Afrika ya Mashariki na ya Kati. Nachingwea, jirani ya Ruangwa, ikawa miongoni mwa mahali palipochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Reli ikajengwa kutoka pwani, misitu ikaangushwa kwa matrekta. Januari 1951 mpango ukavunjwa, na paundi zipatazo milioni 36 zikawa zimepotea. Reli nayo ilifungwa mwaka 1962, kisha ikang'olewa.

Jicho la juu huona upana wa pori, wala halioni kina cha mizizi, ugumu wa udongo wakati wa kiangazi, wala mwaka ambao mvua haikunyesha. Mambo hayo huyajua mwenye jembe. Wamwera wa Nachingwea na Ruangwa walikuwa wakilima nchi hiyo tangu zamani, na ujuzi wao haukuwamo ndani ya kasha lolote.

Kasha la kuondolewa hutenga chombo na kumbukumbu yake. Mwaka 1969 wanaanga wa Apollo 11 waliiacha kamera ya Hasselblad mwezini, wakarudi na makasha ya filamu peke yake. Kusini mwa Tanzania pia kumbukumbu ilisafiri. Mkusanyo mkubwa wa picha za angani wa ofisi ile ya Uingereza umehifadhiwa Edinburgh, na mwanafunzi wa Nachingwea atafutaye picha hizo huelekezwa huko. Lakini picha isiyo na maelezo ni nusu ya ushahidi: yaonyesha mti ulisimama wapi, haisemi shamba lilikuwa la nani wala kijito kiliitwaje. Majina hayo yamo vinywani mwa wazee wa Nachingwea na Ruangwa, nao hupungua kila mwaka. Basi atakayeandika historia ya nchi hiyo na aanze kwao. Filamu ya Edinburgh yaweza kungoja.