Chumvi au Protini? Habari za Fuwele za Bwana Sumner

Leo twaendelea na masomo ya historia ya sayansi. Kila kikundi kiwe na chembe chache za chumvi ya mawe mezani, maana tutazihitaji.

Itazameni chumvi hiyo. Ina pande bapa na pembe zilizonyoka, kana kwamba fundi ameichonga. Chembe za namna hii huitwa fuwele. Chumvi hufanya fuwele kwa urahisi: maji ya bahari yakikauka juani, fuwele hubaki. Lakini protini, yaani kile kijenga-mwili kilichomo katika nyama, maharagwe na ute wa yai, hufanya fuwele kwa taabu. Basi mtaalamu akiona fuwele katika chombo chake, atajuaje kama ni protini aliyoitafuta, au ni chumvi tu?

Bwana James Sumner alizaliwa Marekani mwaka 1887. Alipokuwa na miaka 17 alipigwa risasi kwa bahati mbaya katika kuwinda, akakatwa mkono wa kushoto, nao ndio aliozoea kuutumia. Akajifunza upya kwa mkono wa kuume. Alipotaka kusoma kemia, profesa wake alimshauri asome sheria. Hakukubali.

Mwaka 1917, katika Chuo Kikuu cha Cornell, alianza kutafuta yureasi. Hicho ni kimeng'enya, yaani kitu kinachoharakisha mabadiliko ya kikemia pasipo chenyewe kwisha. Yureasi huvunja yurea, iliyomo katika mkojo, na kutoa amonia, ile harufu kali ya chooni. Siku zile wataalamu hawakupatana kimeng'enya ni kitu gani hasa. Sumner aliamini ni protini.

Alitumia unga wa aina ya maharagwe yenye yureasi nyingi. Hakuwa na sanduku la barafu, kwa hiyo aliweka vyombo vyake dirishani na kuomba usiku uwe wa baridi. Miaka 9 ikapita. Mwaka 1926 alichanganya unga na maji yenye asetoni, akachuja, akaacha maji yale katika baridi mpaka asubuhi. Alipotazama tone moja kwa hadubini, aliona fuwele ndogo.

Je, hazikuwa chumvi? Sumner alizikusanya, akaziyeyusha katika maji, akazihoji. Zilijibu vipimo vya protini. Tena zilivunja yurea kwa nguvu nyingi sana. Mashahidi wawili walisema neno moja.

Hata hivyo hakuaminiwa. Profesa Richard Willstätter wa Ujerumani, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1915, alishikilia kwamba protini ni mchukuzi tu, na kimeng'enya chenyewe ni kitu kingine kilichoshikamana nayo. Mwaka 1930 John Northrop alipata fuwele za pepsini, kimeng'enya cha tumboni, akazipima kwa uangalifu mkubwa. Polepole mabishano yakapungua. Mwaka 1946 Sumner alipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia. Northrop na Wendell Stanley wakagawana nusu ya pili.

Sasa bonyezeni chumvi yenu kwa ncha ya kisu. Ni ngumu, nayo huvunjika kwa mlio. Fuwele ya protini ikiguswa kwa sindano humumunyika, kwa maana mara nyingi karibu nusu yake ni maji. Kwa sababu hiyo pia hunywa rangi ya buluu iliyotiwa, hali chumvi kwa kawaida hubaki nyeupe.

Shahidi aliye imara zaidi ni eksirei. Mwaka 1934, huko Cambridge, J. D. Bernal na Dorothy Crowfoot waliiacha fuwele ya pepsini ndani ya maji yake isikauke, wakaipiga picha. Yakatokea madoa mengi. Chumvi hutoa madoa machache yaliyo mbalimbali, kwa kuwa vipande vinavyoijenga ni vidogo. Protini hutoa mengi yaliyokaribiana.

Hata leo wataalamu hutia chumvi katika protini ili kuilazimisha ifanye fuwele, na mara nyingi chumvi ndiyo hutangulia kutokea, ikawadanganya. Ndiyo maana fuwele, hata ikipendeza namna gani, huhojiwa kwanza.

Maswali ya kujadiliana: Kwa nini kipimo kimoja hakikumtosha Sumner? Na kwa nini protini hunywa rangi?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.