Fundi Hafundwi kwa Ubao Peke Yake



Tangu Januari 2024 shule za sekondari nchini zimeanza kupokea mtaala mpya wenye mikondo miwili, yaani mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Vijana wanaona hili kuwa jambo geni. Wazee tuliosoma miaka ya sabini tunatabasamu, maana sisi tulikuwa na "michepuo": kilimo, biashara, ufundi na sayansikimu. Jina limebadilika, lakini swali ni lile lile. Je, kwa nini masomo ya kazi katika shule moja yalitoa mafundi, na katika shule nyingine yalitoa jasho tu?

Mara nyingi jibu hutafutwa katika fedha, majengo na maazimio. Hayo yote yana uzito wake. Lakini historia ya nchi yetu inaonyesha kwamba jambo lililoamua zaidi ni lile alilolifanya mwalimu wa kazi mbele ya mwanafunzi wake, akiwa na chombo mkononi.

Kabla ya shule kuja, ufundi ulifundishwa hapa hapa kwetu. Nyumba ya tembe, ambayo Wanyaturu na majirani zao Wagogo waliijenga tangu zamani, haikuandikwa katika kitabu chochote. Kijana alianza kwa kubeba nguzo na kukanda udongo. Baadaye aliachiwa kusimamisha nguzo, na mwisho akaaminiwa kulaza boriti na kuezeka udongo juu yake bila dari kuvuja wala kuanguka. Huo ndio uanagenzi: kazi yenyewe ni ya kweli, na kosa linaonekana mvua inaponyesha. Udhaifu wake ni kwamba ulichukua muda mrefu, ulifundisha watu wachache, na mara nyingi fundi alionyesha bila kueleza sababu. Mwanagenzi alijua namna, asijue kwa nini.

Wakati wa ukoloni kulikuwa na maneno mengi juu ya elimu ya kazi. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes, ambayo mmoja wa wajumbe wake alikuwa Dakta James Aggrey wa Gold Coast, ilipita Tanganyika na kusisitiza kwamba shule zifuate mahitaji ya vijijini. Hata hivyo, shule kubwa za ufundi zilichelewa sana. Ile ya Ifunda, karibu na Iringa, ilifunguliwa mwaka 1951, na ya Moshi mwaka 1957. Kijana wa Singida aliyetaka kusomea useremala au uashi rasmi alilazimika kusafiri mbali sana na kwao.

Huko ng'ambo ualimu wa ufundi ulikuwa umekwisha kuwa taaluma. Mwaka 1868, katika shule ya ufundi ya Moscow, mkuu wake Victor Della-Vos aliigawa kazi ya fundi katika mazoezi madogo madogo yanayopanda ngazi. Mwanafunzi hakuanza na kiti. Alianza kupima, kisha kukata msumeno kwa kufuata mstari, kisha kuchonga kiungo cha kwanza, hadi afikie kiungo kigumu. Mazoezi hayo yalionyeshwa Philadelphia mwaka 1876, na nchi nyingi zikayaiga.

Halafu mwaka 1919 Mmarekani Charles Allen, aliyekuwa akishughulikia mafunzo ya wajenga meli, aliandika hatua nne za somo la kazi: kumtayarisha mwanafunzi, kumwonyesha, kumfanyisha, na kumpima. Wakati wa Vita Kuu ya Pili hatua hizo zilitumiwa Marekani kufundisha wasimamizi wa viwanda zaidi ya milioni 1.

Tuchukue mfano wa randa. Kwanza mwalimu humwuliza mwanafunzi anachokijua tayari, na humweleza ubao ule utatumika wapi. Pili, hupiga randa mwenyewe, polepole, akitaja kila tendo: namna ya kusimama, mkono upi unasukuma, na kwa nini tunafuata mkondo wa nyuzi za mti. Tatu, humpa mwanafunzi randa, na humtaka aseme anachokifanya huku anakifanya. Hapo ndipo mwalimu hugundua kama ameeleweka au ameigwa tu. Nne, huweka guni juu ya ubao, wakaangalia pamoja mwanga unapopenya, kisha kazi hurudiwa. Wenye njia hii waliamini kwamba mwanafunzi akishindwa, mwalimu ajichunguze kwanza.

Sasa turudi nyumbani. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa maandiko yake ya Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule iwe jumuiya inayofanya kazi, na shamba la shule liwe sehemu ya masomo. Alitaka wanafunzi washiriki katika kupanga, waone faida wakifanya vizuri, na hasara wakizembea. Ukiyasoma leo kwa makini utaona kwamba alikuwa anaeleza njia ya kufundisha, wala si njia ya kupata vibarua.

Lakini katika shule nyingi mambo yakageuka. Jembe likawa adhabu ya aliyechelewa mstarini. Mazao yakahesabiwa kwa magunia, na hakuna aliyeuliza mwanafunzi amejifunza nini. Mkoani kwetu palikuwa na tatizo jingine: mvua za Singida huja msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, wakati mwaka wa shule ulikuwa ukianza Januari. Mwanafunzi aliyerudi shuleni shamba limekwisha kupandwa alikuta palizi. Basi akapalilia mtama asioujua ulipandwa kwa nafasi gani, wala kwa nini ulichaguliwa mtama badala ya mahindi katika nchi yenye mvua chache. Alitayarishwa kwa amri, hakuonyeshwa, akafanyishwa, na hakupimwa. Katika zile hatua nne alipata moja.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilijaribu kusahihisha hali hiyo kwa kutaka kazi na maendeleo ya kila siku vihesabiwe pamoja na mtihani wa mwisho. Mwaka huo huo ikapitishwa Sheria ya Mafunzo ya Ufundi Stadi, iliyounganisha chuo na kiwanda: mwanagenzi alisoma misingi chuoni, akaenda kazini, na kupanda kwa majaribio ya ufundi kutoka daraja la tatu hadi la kwanza. Katika jaribio hilo mtu alipewa mchoro, vifaa na muda, na kazi yake ikapimwa. Maneno matamu hayakumsaidia mtu.

Kuanzia mwaka 1975 vikaja Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kwa msaada wa Sweden, ambako wazo hilo lilitoka. Leo viko zaidi ya 50 nchini, na mkoa wetu una Singida na Msingi. Wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa watu wazima waliochaguliwa na vijiji vyao ili warudi kuvitumikia. Kwa walimu hilo lilikuwa funzo. Mkulima mwenye shamba lake na watoto wake hawezi kufundishwa kama mtoto wa darasa la tatu; sharti uanze na anachokijua, maana huenda anakijua kuliko wewe. Baadaye vyuo hivyo vilianza pia kufuata mitaala ya VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. VETA nayo ilihamia mtindo wa kupima umahiri: swali si mwanafunzi amekaa chuoni miezi mingapi, bali anaweza kufanya nini bila kushikwa mkono.

Michepuo yetu ya sekondari haikubahatika hivyo. Zana zilichakaa, walimu wa kazi walipungua, na karakana nyingi zikawa stoo za madawati mabovu. Mwanafunzi akanakili umbo la jiliwa ubaoni bila kuwahi kuikaza kwa mkono wake. Hiyo ndiyo hatari inayoukabili mkondo wa amali nao. Darasa la vijana 40 lenye randa mbili litarudi kwenye ubao na chaki, isipokuwa mwalimu ajipange: wachache washike randa, wengine wapime na kuchora, wengine wanoe patasi, kisha wapokezane. Jambo hilo linawezekana, lakini lataka mwalimu aliyefundwa ufundi, na pia akafundwa kufundisha. Fundi hodari asiyeweza kueleza, na msomi asiyeweza kupiga randa, wote wawili wanampotezea mwanafunzi muda.

Ndugu wahitimu, tunapokutana huwa tunachangia rangi ya ukuta na lango la shule. Ni jambo jema. Lakini miongoni mwetu wako waashi, mafundi umeme, wakamua alizeti na washonaji. Kila mmoja wetu akimpokea mwanafunzi mmoja katika karakana yake wakati wa likizo, akamwonyesha, akamwachia chombo, kisha akaipima kazi yake bila kumwonea haya, atakuwa ameisaidia shule kuliko lango jipya.

Nanyi vijana, msikubali kufanyishwa kazi bila kuuliza sababu yake, wala kuelezwa sababu bila kushika kazi. Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Nasi tuongeze kwamba aliyeviunda naye alifundishwa na mtu.