Siku ya Amani, anzia Russia

Wasee wa Kisumu, 21 Septemba ni Siku ya Amani Duniani. Umoja wa Mataifa uliianzisha 1981. Wengi wetu tutaposti njiwa mweupe, basi, imeisha.

Mimi naanzia Russia, ile hospitali karibu na Kondele. Tunaiita hivyo sababu Wasovieti ndio walisaidia kuijenga. 25 Oktoba 1969 Jomo Kenyatta alikuja kuifungua. Wakarushiana maneno na Jaramogi Oginga Odinga mbele ya watu, fujo ikazuka, walinzi wakafyatulia umati risasi. Serikali ilisema waliokufa ni 11; wazee wa hapa wanasema ni wengi zaidi. Siku chache baadaye chama cha KPU kikapigwa marufuku, Jaramogi akawekwa kizuizini. Leo hospitali ina jina lake.

Kila uchaguzi tunaambiwa tudumishe amani, yaani tunyamaze. Tumenyamaza hadi wengi wetu hatujui hata jina moja la waliokufa siku ile.

So Septemba hii kaa na dani yako, washa rekoda ya simu, muulize alikuwa wapi. Usimkatize. Na usiposti kama hajakubali.

Wangu alikaa kimya kitambo, kisha akataja rafiki yake wa shule. Sikuwahi kulisikia hilo jina.