Majani Yana Historia

Msafiri atokaye Biharamulo kwenda Ngara wakati wa kiangazi hupewa uzuri asioulipia. Toka Lusahunga hadi mpakani Rusumo ni kama kilometa 90, na kwa sehemu kubwa ya safari hiyo macho hayaoni ila majani: majani marefu yaliyokauka yakawa na rangi ya simba, miti iliyotawanyika, na vilima vinavyofuatana kuelekea Burundi na Rwanda. Hapa na pale moshi wa pori linaloungua hupanda taratibu. Ng'ombe wa Ankole wakipita, pembe zao huonekana juu ya majani kabla ya wao wenyewe kuonekana.

Wengi wetu hudhani kuwa nchi hii imekuwa hivi tangu kuumbwa kwake. Katika basi nililopanda mwezi mmoja wa Agosti, kijana aliyeketi dirishani alisema kwa furaha, "Hili ndilo pori la Mungu, halijaguswa na mtu." Mzee mmoja Mhangaza aliyekaa mbele yetu akageuka. "Mwanangu," alisema, "pori la Mungu halina mawe ya kusagia. Sisi tulipokuwa wachungaji tuliyakuta humo humo majanini."

Naam, mawe ya kusagia hayaoti. Palipo na jiwe la kusagia palikuwa na mama, na mtama, na watoto wenye njaa. Basi walikwenda wapi?

Mwaka 1861 Speke na Grant, wakiwa pamoja na kiongozi wao Sidi Mubarak Bombay, walipita Usui, yaani nchi ya Rusubi, sehemu za Biharamulo ya leo. Hawakukuta pori tupu. Walikuta mtawala, Suwarora, aliyewadai hongo mpaka wakachoka. Hongo haidaiwi na nyani, ndugu msomaji. Inadaiwa na nchi yenye watu, ng'ombe na utawala.

Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1890, ukaja ugonjwa wa sotoka. Ulikuwa umeingia Afrika kwa upande wa Ethiopia, ukateremka ukiua ng'ombe na wanyama wa porini hata nchi za wafugaji zikanuka mizoga. Hapo ndipo kisa cha majani kinapoanza. Ng'ombe wakipungua, hakuna wa kula vichipukizi. Watu wakifa njaa au kuhama, hakuna wa kulima wala kuchoma moto kwa wakati wake. Kichaka hurudi, na kichaka kikirudi, mbung'o hurudi nacho, wakileta malale kwa watu na kifo kwa mifugo. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Kiingereza, ikipambana na malale katika magharibi ya Tanganyika, iliwakusanya watu katika makazi ya pamoja, Biharamulo ikiwamo. Maisha ya wengi yaliokolewa, sikatai. Lakini mashamba waliyoyaacha yaligeuka pori, na pori likaja kuitwa la asili. Baadaye sehemu zake zikawa mapori ya akiba, Biharamulo na Burigi.

Hata hivyo pori hilo halikuachwa litulie. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, Wanyarwanda zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi. Benaco, jina lililoachwa na wajenzi wa barabara, likawa mji wa maturubai. Kila chungu kilihitaji kuni, na vilima vikabaki vipara. Desemba 1996 wakimbizi hao wakarudishwa kwao. Kwa miaka mingi baadaye mabasi yalipita misitu ya Biharamulo yakisindikizwa na polisi wenye bunduki, kwa hofu ya majambazi. Ng'ombe nao waliingia hifadhini kwa wingi, hadi mwaka 2017 serikali ilipoendesha operesheni ya kuwaondoa. Mwaka 2019 mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yakaunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato.

Sisemi hifadhi ni kosa. Ng'ombe wengi kupita kiasi hukanyaga chemchemi zikakauka, na twiga hana mahakama ya kukimbilia. Ninalosema ni kwamba neno "mvamizi" huwa jepesi mno kinywani mwa asiyejua historia. Yule mchungaji anayefukuzwa leo huenda ni mjukuu wa mwenye jiwe la kusagia, na huenda pia ni mgeni aliyefika juzi na ng'ombe za tajiri wa mbali. Hawa wawili hawafanani, wala haki yao haifanani. Anayeona majani tu hawezi kuwatofautisha. Atawapiga wote kwa fimbo moja.

Kwa hiyo, wewe utakayepita njia ile kiangazi kijacho, furahia mandhari, kwa maana ni mazuri kweli. Lakini usiseme hayajaguswa. Na wanaowaonyesha wageni twiga na viboko vya Ziwa Burigi wangefanya vyema wawaonyeshe pia jiwe moja la kusagia, wawaeleze kwa heshima lilikuwa la kina nani, na kwa nini waliliacha.