Ghali Bila ya Mahaba

Mji wa Morogoro, uliolala chini ya milima ya Uluguru, ulikuwa kituo cha misafara kabla ya kuwa mji wa reli. Kisabengo alijenga ngome yake hapo katika karne ya 19, na Stanley alipopita mwaka 1871 aliuandika mji huo kwa jina la Simbamwene. Nguo na shanga zilitoka pwani, pembe zikateremka kutoka bara, na maneno yakaenda pamoja na mizigo.

Miongoni mwa maneno ya biashara hiyo ni ghali. Kwa Waarabu, ghali ni kitu kilichopanda bei na pia ni mtu wa moyoni. Mama humwita hivyo mwanawe, wala hamkadirii bei. Kiswahili kilipolipokea kilichukua nusu moja tu, ile ya sokoni.

La ajabu ni kwamba wageni wengine waliofuata njia hiyohiyo walikuja na mchanganyiko uleule. Mapadri wa Roho Mtakatifu, wengi wao Wafaransa, waliofika miaka ya 1880, walikuwa na cher. Wajerumani, ambao reli yao iliingia Morogoro mwaka 1907, walikuwa na teuer. Waingereza walioutwaa mji Agosti 1916 walikuja na dear. Kila moja la maneno hayo hutaja mpenzi na hutaja bei kubwa. Kiswahili hakikushawishika.

Pengine ni kwa kuwa nafasi ilikwisha jazwa. Penda lilikuwapo, azizi na muhibu yalikwisha pokewa. Tena azizi lenyewe lina maana ya uadimu, kama zilivyo tunu na johari ambazo washairi wa mwambao hawachoki kuwapamba nazo wapenzi wao. Thamani imekubaliwa katika mahaba. Kilichokataliwa ni bei. Mboga za Mgeta zikiteremshwa sokoni, mnunuzi husema ni ghali na muuzaji hachukii. Mwanamume akimwambia hivyo mwandani wake, amemlaumu.

Barua ndizo zilizoleta utata. Mwingereza huanza na dear hata kwa mtu asiyemjua, na mfasiri, asiye na neno jingine, huandika Mpendwa. Ndipo mdaiwa anapoitwa mpendwa katika mstari wa kwanza, na katika wa pili akatajiwa deni lake na siku ya mwisho ya kulilipa.